Kupima Usikivu: Kinachoonekana na Kinachojificha

Tarehe 3 Machi ya kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Usikivu Duniani. Katika ripoti yake ya Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 miongoni mwao wanahitaji matibabu au msaada. Karibu asilimia 80 ya hao milioni 430 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako wapimaji na vyombo vya kupimia ni haba.

Katika Kiswahili mtoto mkaidi huambiwa hasikii, na wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno hayo yana hekima yake, lakini pia yamewaponza watoto wengi. Mtoto ambaye masikio yake ni mabovu huitwa mtundu au mzito wa kuelewa, na aghalabu huadhibiwa kwa kosa asilolitenda. Kwa hiyo ni vyema kufahamu jinsi usikivu unavyopimwa.

Kipimo cha kawaida hufanyika katika chumba kilichonyamaza kabisa. Anayepimwa huvaa vipokea sauti masikioni, naye hubonyeza kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu. Mpimaji hupunguza sauti kwa desibeli 10 kila unaposikika, na kuiongeza kwa desibeli 5 unapopotea, mpaka apate kiwango cha chini kabisa kinachosikika. Milio hiyo huanzia ile mizito ya hezi 250 hadi ile myembamba ya hezi 8,000, na kila sikio hupimwa peke yake. Isidhaniwe kwamba desibeli sifuri katika kipimo hiki ni ukimya. Hicho ni kiwango cha wastani ambacho vijana wenye masikio mazima huanza kusikia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, anayesikia chini ya desibeli 20 hana upungufu, na anayehitaji zaidi ya desibeli 35 katika sikio lake lililo bora anahesabiwa kuwa anahitaji msaada.

Baada ya hapo chombo kidogo kinachotetema huwekwa juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio. Mtetemo hupita mfupani na kufika sikio la ndani bila kupitia tundu la sikio wala kiwambo chake. Mtu akisikia vizuri kwa njia ya mfupa lakini vibaya kwa njia ya hewa, kasoro iko njiani: pengine ni nta iliyoziba, usaha, au kiwambo kilichotoboka, na mengi ya hayo hutibika. Njia zote mbili zikiwa dhaifu, huenda madhara yamefika sikio la ndani au neva, kama inavyotokea baada ya homa ya uti wa mgongo, kelele za viwandani, au dawa za sindano kama streptomaisini.

Mtoto mchanga hawezi kubonyeza kitufe. Mwaka 1978 mwanasayansi wa Uingereza, David Kemp, alionyesha kwamba sikio zima, likipelekewa mlio, lenyewe hurudisha sauti hafifu mno. Leo hii chombo kidogo hutiwa sikioni mwa mtoto aliyelala na kuinasa sauti hiyo kwa dakika chache. Wataalamu wanashauri mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, kasoro ithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6, kwa sababu lugha hujengwa mapema.

Hata hivyo, hakuna kipimo kimoja kinachoeleza kila kitu. Wapo watoto ambao sikio la ndani hurudisha sauti barabara, ilhali neva haifikishi ujumbe kwenye ubongo. Hao hugunduliwa tu kwa kupima umeme wa neva kwa vipokezi vinavyobandikwa kichwani. Wengine huzaliwa wakisikia, na uziwi ukaja miaka ya baadaye. Aidha, mzazi anayepiga makofi nyuma ya mwanawe asijiridhishe upesi. Mtoto aweza kugeuka kwa kishindo cha ngoma, lakini asizitambue sauti nyembamba. Kwake, neno fika na neno shika ni neno moja.

Wapo pia watu wazima ambao kipimo chao ni safi, lakini sokoni au mkutanini hawafuati mazungumzo. Mwaka 2009, watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele kali walirudia kusikia milio hafifu kama kawaida, huku viungo vingi kati ya chembe za sikio na neva vikiwa vimekwisha kuharibika. Kwa binadamu jambo hilo lingali likichunguzwa, lakini latosha kuonya kwamba kusikia mlio chumbani si sawa na kuelewa maneno penye watu. Ndiyo maana wapimaji hodari hutumia pia maneno yanayosemwa ndani ya kelele. Na maneno hayo yapaswa kuwa ya lugha ya mgonjwa mwenyewe; vinginevyo kinachopimwa ni elimu yake ya lugha ngeni, wala si sikio lake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Hivyo basi, mwalimu anapomwona mwanafunzi asiyeitika, na mzazi anapomwita mwanawe mara tatu bila jibu, jambo la kwanza liwe kumpeleka akapimwe. Kipimo kikisema mtoto ni mzima lakini mashaka yakaendelea, arudishwe tena. Ukaidi ushughulikiwe pale tu inapothibitika kwamba ni ukaidi.