'Matatu': Nauli iliyogeuka jina la gari

NI nadra siku ipite kabla ya mkazi wa Bahati, Jericho au Kaloleni, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kulitamka neno "matatu". Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza lilikotoka.

Asili yake ni nauli. Miaka ya mwanzo ya uhuru, mabasi ya kampuni ya Kenya Bus Service hayakutosha kuwafikisha wafanyakazi wa Eastlands mjini. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari makuukuu, bila leseni. Nauli ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikuyu ziliitwa "mang'otore matatu". Nomino ikadondoshwa, idadi ikabaki, na idadi hiyo ikawa jina la gari. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuhudumu bila leseni maalumu ya uchukuzi.

Je, neno hili basi si la Kiswahili? Wanaolitilia shaka wakumbuke kuwa "machungwa matatu" ni Kiswahili fasaha, Lamu hata Mombasa. Shina "-tatu" ni urithi wa lugha ya kale iliyozaa lugha za Kibantu: Mganda husema "ssatu", Mzulu "thathu". Ndiyo maana neno lilipotoka kwa Mkikuyu halikumwia geni Mswahili. Naye Mjaluo, ambaye tatu kwake ni "adek", alilipokea vilevile, kwa kuwa gari lilikuwa la wote.

Kisarufi, neno limebadilika. Leo husemwa "matatu imejaa" na "matatu zimegoma". Kiambishi "ma-" hakionyeshi tena wingi. Lakini maana ya idadi haijafa. Wasemaji wa Sheng husema "mathree": wameitafsiri "tatu" kwa Kiingereza na kuiacha "ma-" mahali pake.

Tanzania nayo ilipitia njia hiyo hiyo. Miaka ya 1980, abiria wa Dar es Salaam walilipa shilingi tano, sarafu iliyoitwa "dala", na gari likaitwa daladala.

Nauli hizo zimekwisha kitambo, na senti 30 hainunui chochote. Lakini kila utingo anapoita abiria wa matatu, anataja bila kujua bei waliyolipa babu zake.