Anayepewa mofini apewe na dawa ya choo

MAMA mmoja mwenye saratani ameanza kunywa mofini ya maji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi analala usiku kucha. Wiki ya pili inapofika anaiweka chupa pembeni na kusema haitaki tena. Maumivu yanarudi, usingizi unapotea, na watoto wake wanadhani amekata tamaa ya kuishi.

Muuguzi anapofika nyumbani, anawaomba watu watoke kidogo, kisha anauliza: "Mama, mara ya mwisho ulikwenda haja kubwa lini?" Jibu ni siku tisa zilizopita. Kumbe mama hakuichoka dawa. Alichoka tumbo lililomvimba, na aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya mkwe wake.

Visa vya namna hiyo si vigeni kwa wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani nchini Uganda. Nchi hiyo ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambayo makao yake yako Makindye, Kampala, na baadaye huduma hiyo ikafika Mbarara na Hoima. Hapo unga wa mofini huchanganywa na maji ili mgonjwa anywe dawa akiwa nyumbani kwake.

Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Pamoja na ruhusa hiyo likaja jukumu jingine: anayeandika mofini aandike papo hapo na dawa ya choo, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha.

Sababu yake ni hii. Mofini huzuia maumivu, lakini pia hupunguza kasi ya utumbo. Chakula hukaa humo muda mrefu, maji yake hufyonzwa, na choo hubaki kikavu na kigumu. Kichefuchefu na usingizi unaoletwa na mofini aghalabu hupungua baada ya siku chache, lakini utumbo hauizoei dawa hiyo. Ndiyo maana haifai kungoja tumbo lifunge kwanza.

Dawa hazifanani

Watu wengi huziita zote dawa za kuharisha, lakini kazi zake ni tofauti. Zipo zinazousukuma utumbo, kama bisakodili na sanamaki, ambayo watu wa pwani wanaijua tangu enzi za mababu. Zipo zinazovuta maji ndani ya utumbo, kama laktulosi. Zipo za kulainisha tu, kama dokuseti. Na zipo za nyuzinyuzi, ambazo huongeza wingi wa choo.

Kwa mgonjwa wa mofini, dawa ya kulainisha peke yake mara nyingi haitoshi kwa sababu utumbo umelegea. Huhitaji na ya kusukuma. Zile za nyuzinyuzi hazimfai mgonjwa aliyedhoofika na asiyeweza kunywa maji mengi, kwani zinaweza kuganda na kuziba njia.

Bisakodili kwa mtu mzima huanza kwa miligramu 5 hadi 10 usiku, nayo hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, hivyo choo huja asubuhi. Kidonge kimezwe kizima. Kisisagwe wala kunywewa na maziwa au dawa za kiungulia, kwa sababu ganda lake litayeyuka tumboni mapema na kumletea mgonjwa msokoto. Laktulosi huchukua siku moja hadi mbili au zaidi, kwa hiyo familia isiongeze kipimo kwa pupa.

Mafuta ya parafini ya hospitalini, ambayo si mafuta ya taa, asipewe mgonjwa anayepaliwa wala aliyelala chali. Yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Wakati wa kusita

Kabla ya kutoa dawa yoyote, muuguzi huuliza choo cha kawaida cha mgonjwa kikoje, kisha hutazama na kupapasa tumbo. Mgonjwa anayetapika, ambaye tumbo limejaa, linasokota na hatoi hata hewa, huenda utumbo wake umeziba. Huyo asipewe dawa ya kusukuma, apelekwe hospitali. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye maumivu makali ya ghafla ambayo chanzo chake hakijajulikana.

Mgonjwa ambaye miguu imekufa ganzi ghafla na choo kimefunga naye ni wa dharura, kwani huenda uti wa mgongo umebanwa.

Mtego mwingine ni kuharisha kusikokuwa kuharisha. Choo kigumu kinapoziba njia, majimaji hupenya pembeni na kuchafua shuka. Familia hukimbilia dawa ya kuzuia kuharisha, na hali huwa mbaya zaidi. Muuguzi huvaa glavu na kupima kwa kidole kabla ya kuamua. Lakini kwa mgonjwa ambaye dawa za saratani zimemshusha kinga au chembe za kugandisha damu, hakuna kinachoingizwa njia ya haja kubwa bila idhini ya daktari.

Aidha, wazee na wenye ugonjwa wa figo au moyo wasipewe enema ya fosfeti kiholela, kwani huvuruga chumvi mwilini. Hata dawa ya kunywa ikizidi, mgonjwa huharisha, hupoteza maji na potasiamu, na moyo wake unaweza kupiga vibaya.

Nyumbani, maji, matunda na kujongea kidogo husaidia kwa anayeweza. Kijiko cha mafuta ya kupikia kabla ya kifungua kinywa, au mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, hutumiwa pale dawa zinapokosekana. Ila muuguzi aambiwe. Mafuta ya mbarika yana nguvu mno kwa mgonjwa dhaifu, na mjamzito asiyaguse.

Lengo si kuharisha. Ni choo laini, bila kujikamua, angalau kila baada ya siku mbili au tatu. Siku ya tatu ikipita kavu, muuguzi aitwe.

Kwa hiyo wewe unayemuuguza mzazi wako, weka daftari kando ya chupa ya mofini. Andika saa ya dawa, na andika siku ya choo. Mkwe akiwepo, mtume akachote maji, halafu uulize.