Ndege ya mfano: Uzito wa mkia huamua usalama

ANAYEUNDA ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio mjini Mhunze, wilayani Kishapu, hana budi kuanza na vipimo. Mabawa ya Cessna 172 yana urefu wa mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Yakipunguzwa mara 8, hubaki takriban mita 1.4.

Vipande vya mbao nyepesi vikishagandishwa, mota na betri zikafungwa, ndege huinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukizama, betri husogezwa mbele. Vinginevyo pua hupanda, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba, nayo huanguka.

Aidha, haifai kurushwa karibu na uwanja wa ndege wa Mwadui, uliomo wilayani humo.