Waterloo kwa rangi: kubwa kuliko zote, na ya kweli kuliko zote

Tarehe 18 Juni 1815, kwenye mashamba ya kusini mwa Brussels, jeshi la Napoleon lilipambana na majeshi ya Wellington na Blücher. Hadi usiku kuingia, watu wapatao 50,000 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa miguu kwa muda wa saa moja hivi.

Miongoni mwa wasanii walioichora vita hiyo, aliyevuna faida zaidi kwa haraka ni Henry Aston Barker. Alifika uwanjani, akawahoji maofisa, na mwaka 1816 akafungua London panorama yake, yaani mchoro wa mviringo unaomzunguka mtazamaji. Watu walimiminika, na faida yake ilimsaidia kustaafu mapema.

Kwa ukubwa hakuna anayemfikia Louis Dumoulin. Panorama yake ya 1912, iliyo palepale Waterloo, ina mzunguko wa mita 110 na kimo cha mita 12. Kwa michoro ya kutundikwa ukutani, yupo Jan Willem Pieneman: turubai yake ya 1824, mita 5.67 kwa 8.23, ndiyo kubwa kuliko zote katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Katikati yake yuko Wellington juu ya farasi. Ukubwa huo wote umewapa nafasi majemadari.

Uvumilivu mkubwa ulikuwa wa William Siborne, ofisa aliyekaa miezi kadhaa kwenye shamba la La Haye Sainte akipima ardhi, kisha akaunda mfano wa uwanja mzima wenye askari wa bati zaidi ya 70,000. Kwa kasi, yupo mchoraji Lady Butler: katika “Scotland Forever!” ya 1881, farasi wa kijivu wanakujia usoni. Hakuwahi kuona vita.

Picha iliyosongwa na watazamaji ni ya David Wilkie, ya 1822, inayoonyesha askari wastaafu wa Chelsea wakisomewa habari za ushindi. Ilibidi Royal Academy iweke uzio kuilinda. Miongoni mwa wasikilizaji yumo mwanajeshi mweusi wa bendi, na wachoraji wengi wa enzi hiyo wasingemkumbuka.

Lakini yenye huzuni kuliko zote ni ya Turner, ya 1818. Aliuchora usiku baada ya vita. Wanawake wameshika mwenge wakiwatafuta waume zao katika lundo la maiti, Mwingereza kalala juu ya Mfaransa, na huwezi kujua nani alishinda. Kwangu mimi, huo ndio mchoro pekee mkubwa wa Waterloo unaostahili kuitwa wa vita.

Picha za kweli kuliko zote ni ndogo. Charles Bell, mpasuaji kutoka Uskoti, alikwenda Brussels baada ya vita akakuta majeruhi wa Kifaransa wameachwa wahudumiwe mwisho. Aliwapasua siku 3 mfululizo, kuanzia asubuhi hadi jioni, nguo zikakauka kwa damu na mikono ikamlegea. Katikati ya kazi hiyo alichora: askari aliyeng’olewa mkono na mzinga, ameshika kamba ajiinue, mwingine mwenye tumbo wazi. Hakuna bendera wala farasi. Kila mgonjwa aliandikiwa maelezo ya jeraha lake, na baadaye Bell alizitumia picha hizo kuwafundisha wapasuaji.