Bomba linalovuja hutoa maji na kuingiza maradhi

Je, msomaji, umewahi kuliona lile dimbwi dogo kando ya njia ambalo halikauki hata wakati wa kiangazi? Watoto hulichezea na bata huogelea humo. Ukifukua kidogo utakuta bomba la maji lililopasuka, na huenda limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. (Zamani ilikuwa karatasi ya nailoni, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, tyubu ndiyo imeshika usukani.)

Katika mitaa kama Kipsongo, mjini Kitale, ambako watu wengi wanaishi pamoja na nafasi ni ndogo, mabomba membamba ya plastiki hupitishwa juu ya ardhi, yakavuka mitaro ya maji machafu na kukanyagwa na mikokoteni. Hali ni iyo hiyo katika mitaa mingi ya Bungoma, Eldoret na Nairobi.

Wengi hudhani kwamba hasara ya bomba bovu ni bili tu. Kweli bili ni hasara. Uvujaji unaojaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja humwaga lita 360 kwa siku, yaani mitungi 18 ya lita 20. Anayenunua maji kwa mtungi ajifanyie hesabu mwenyewe.

Hata hivyo, hasara iliyo kubwa zaidi haionekani kwa mita. Maji yanapokuwa na nguvu ndani ya bomba, hutoka kwa kishindo kupitia tundu na hakuna kinachoweza kuingia. Lakini siku ya mgao, maji yanapokatwa, bomba hubaki tupu na kuanza kuvuta. Tundu lile lile lililokuwa likitoa maji sasa hunyonya maji ya mtaro, pamoja na kinyesi kilichochuruzika kutoka vyooni. Maji yakirudi, uchafu huo husukumwa hadi kwenye mfereji wako na wa jirani.

Hivyo ndivyo homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu huweza kuingia nyumbani kupitia maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi. Klorini inayotiwa mtamboni hubaki kidogo tu ndani ya maji, na haiwezi kuushinda uchafu wa mtaro mzima. Isitoshe, maji kuwa maangavu si dalili kwamba hayana vijidudu.

Mpira wa maji nao ni wa kuogopwa. Ukiuacha umetumbukia ndani ya beseni la nguo chafu huku mfereji ukiwa wazi, maji yakikatika mpira huo waweza kunyonya povu lote na kulirudisha bombani.

Utajuaje kama kwako kunavuja? Usiku, watu wote wakishalala, funga mifereji yote na uandike nambari za mita. Asubuhi, kabla ya mtu kuchota, zisome tena. Ikiwa zimesonga, kuna mahali maji yanatoka. Angalia kwanza choo na boya la tangi, kisha ufuate bomba ukitafuta udongo laini au nyasi zilizositawi kuliko nyingine.

Bomba kubwa lililo kabla ya mita si lako. Usiliguse. Piga ripoti kwa kampuni ya maji. Lililo baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, na wapangaji wakienda kwake pamoja husikizwa upesi kuliko mmoja mmoja.

Ukarabati wenyewe wafaa kufanywa na fundi wa mabomba, lakini simama hapo uangalie. Kwanza afunge koki ya mita. Achimbe shimo literemke chini ya bomba, ili maji machafu yakae chini na yasimiminikie ndani ya bomba lililokatwa. Ayateke yaliyomo shimoni, anawe mikono, na azibe ncha za bomba kwa kitambaa safi wakati anapotayarisha kiungio. Kipande kilichopasuka kikatwe na kuondolewa. Tyubu na waya si ukarabati. Bomba la plastiki la gundi lipewe muda ulioandikwa kwenye mkebe kabla ya kufungua maji. La chuma lizungushiwe ule utepe mweupe kwenye nyuzi zake. Mfereji unaodondoka mara nyingi huhitaji tu washa mpya ya mpira.

Usafi huo si wa kujionyesha. Mwishoni mwa 1989 katika mji mdogo wa Cabool, jimbo la Missouri, Marekani, mabomba mawili makubwa yalipasuka kwa sababu ya baridi kali, na mita kadhaa za maji zikabadilishwa. Maji ya mji huo ya kisima hayakuwa yakitiwa dawa. Kufikia Januari 1990, watu 243 walikuwa wameugua na wanne wakafariki. Wachunguzi waliamini uchafu uliingia kupitia mabomba na kazi hizo za ukarabati.

Kwa hivyo bomba likishazibwa, fungua mfereji ulio karibu zaidi na uache maji yatiririke mpaka yawe safi. Hayo ni ya kudeki au ya chooni.

Ikiwa una tangi, limwage na ulisugue ndani. Lijaze upya, kisha kwa kila lita 1,000 tia lita moja u nusu ya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni. Tangi la lita 250 hutosheka na robo ya kipimo hicho. Fungua kila mfereji hadi usikie harufu ya klorini, ufunge, na uache hivyo usiku kucha. Asubuhi yamwage yote. Maji hayo si ya kunywa kamwe, na watoto wakae mbali nayo. Tangi linalovuja pale bomba linapotokea hubadilishwa mipira. Lisizibwe kwa lami wala gundi ya viatu.

Kabla ya fundi kufika, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, uyahifadhi kwa chombo chenye kifuniko. Na baada ya kila mgao, maji ya kwanza yasiingie kwenye mtungi wa kunywa, hata kama foleni ni ndefu na majirani wananung'unika.

Mtu nyumbani akiwa na homa isiyoisha kwa siku tatu, au akihara mfululizo, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mweleze daktari kwamba bomba lenu lilikuwa likivuja, na ni nyumba ngapi zinazochota kwenye bomba hilo.