Roboti Yule Yule, Rangi Nyingine

Mwanao akikuonyesha dukani roboti wawili wanaogeuka ndege, waliotofautiana kwa rangi na bei tu, usiharakishe kufungua kibindo. Mambo haya yana asili yake. Mwaka 1984, Hasbro ya Marekani ilipoanza kuuza Transformers kwa kalibu za Takara ya Japani, Starscream, Thundercracker na Skywarp walitoka katika kalibu moja. Rangi ndiyo iliyowapa majina.

Mwaka 2006 Wajapani walitoa Starscream wa daraja la juu, mwenye kijivu chenye ukijani, mithili ya ndege halisi ya kivita. Mwaka uliofuata Hasbro walimtoa yeye yule kwa rangi za katuni: kijivu, nyekundu na buluu. Kwa macho yangu huyu wa pili ndiye Starscream. Wa kwanza ni askari tu.

Lakini kagua maungio. Plastiki yenye rangi yake tangu kiwandani ikikwaruzika haionyeshi sana, bali rangi ya kupakwa hubanduka pale viungo vinaposuguana. Mtoto humgeuza roboti mara ishirini kwa siku! Basi mwombe muuzaji amgeuze mbele yako, ndipo utazame mabega na mbawa kabla ya kulipa.