Maumivu ya kifundo usiku huenda yasitokane na kuteguka

VIJANA wanaosakata kandanda mtaani Kariobangi, eneo la Eastlands jijini Nairobi, si wageni wa kuteguka vifundo vya miguu. Mara nyingi mguu hukandwa, hufungwa bendeji, na baada ya majuma machache mchezaji hurejea uwanjani.

Hata hivyo, yapo maumivu yasiyofuata mkondo huo. Yakizidi usiku hata kumwamsha mgonjwa, yakadumu kwa miezi na kutulia upesi baada ya kumeza aspirini au ibuprofeni, huenda chanzo ni uvimbe mdogo ndani ya mfupa uitwao osteoidi osteoma.

Uvimbe huu si saratani, haugeuki kuwa saratani wala hausambai mwilini. Daktari Henry Jaffe wa Marekani ndiye aliyeutambulisha kama maradhi ya kipekee mwaka wa 1935. Kwa kawaida kiini chake hakizidi upana wa sentimita 2, na wengi wanaoupata ni vijana wa chini ya miaka 25, hasa wa kiume. Aghalabu hutokea kwenye mfupa wa paja au muundi, lakini pia huweza kuota kwenye talasi, mfupa ulio kati ya muundi na kisigino.

Kiini hicho hutoa kwa wingi kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea maumivu. Aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali hizo, ndiposa mgonjwa hupata nafuu haraka.

Kwenye kifundo, maradhi haya ni magumu kutambua. Kiungo huweza kuvimba na kukakamaa kana kwamba kimeteguka, na eksirei ya kawaida huenda isionyeshe lolote. Picha za CT ndizo hukidhihirisha vyema kiini hicho.

Kuna uvimbe unaotoweka wenyewe baada ya miaka kadhaa, lakini kumeza dawa za maumivu muda wote huo huweza kudhuru tumbo na figo. Isitoshe, aspirini haifai kwa watoto bila agizo la daktari. Madaktari wa mifupa hukiondoa kiini kwa upasuaji, au hukiunguza kwa sindano maalumu ya joto.

Kwa hivyo, mzazi ambaye mwanawe anaendelea kuchechemea baada ya majuma kadhaa amfikishe hospitalini, na amweleze daktari mambo mawili: saa ambazo maumivu huzidi, na dawa inayoyatuliza.